Nyumba ya Siku Kumi na Moja

Mume na mke wakitoka mlango mmoja alfajiri, huyu akashika mashariki na yule magharibi, hapakosi mmoja mwenye safari ndefu. Isidori alilijua hilo miaka mingi, ila hakupenda kulitamka, kwa kuwa safari ndefu haikuwa yake.

Walipanga nusu ya nyumba Magomeni. Yeye alikuwa na duka la jumla Kariakoo, la ndoo, mabeseni na madumu. Akitoka nyumbani saa moja asubuhi, robo saa baadaye alikuwa ameshafungua makufuli, labda mvua iwe imenyesha na maji yamefunga barabara ya Jangwani. Mkewe, Euphrasia, alifundisha hisabati sekondari moja huko Kibamba, mwisho kabisa wa jiji. Aliondoka saa kumi na moja kasorobo, giza bado limetanda, akarudi saa moja na nusu jioni, na akifika barazani viatu alikuwa amekwishavivua.

"Magomeni ni katikati," Isidori alizoea kusema.

Palikuwa katikati kweli, zamani, mkewe alipokuwa akifundisha Manzese. Miaka kumi na mitatu iliyopita alihamishiwa Kibamba, na katikati ikahama naye. Isidori hakuhama. Mara tatu Euphrasia aliomba wasogee upande wake, walau Kimara, na mara tatu akajibiwa, "Tumalize nyumbani kwanza."

Nyumbani maana yake ilikuwa Rombo, kijijini kwao mlimani. Kwa watu wa kwao, mwanamume anayejenga mjini kabla hajajenga kwenye kihamba, shamba la ukoo, alichoachiwa na baba yake ni kama mtu aliyefunga tai bila shati. Kwa hiyo kila mwaka kitu kilipanda mlimani: mwaka huu saruji, mwaka ule mabati, mwaka mwingine madirisha. Mwaka wa vigae ndio mwaka ambao Euphrasia alivimba miguu, akaenda kazini miezi miwili amevaa kandambili, miguu imefungwa bandeji na kutiwa kwenye mifuko ya plastiki ili vumbi lisiingie. Vigae vilitoka vizuri sana.

Ndipo mwezi wa kumi, wakila, Euphrasia akasema, "Baba Vicky, nimeitwa na afisa elimu. Wananipa ukuu wa shule."

Isidori akaweka kijiko chini. "Wewe?"

"Ulidhani watampa mlinzi?"

Akacheka, akamshika mkono. "Hongera, mama. Hongera sana."

"Ila kuna sharti. Mkuu lazima aishi palepale. Wamechoka na wakuu wanaofika kengele imeshalia. Nyumba ipo, vyumba vitatu, na maji yanatoka."

"Na mimi?"

"Na wewe utapanda gari kwenda Kariakoo, kama mimi ninavyopanda kwenda Kibamba." Alilisema bila ukali, kama mtu anayesoma swali ubaoni. "Wanataka jibu Ijumaa."

Isidori hakukataa. Usiku ule aliona kabisa kwamba jambo lile ni haki, tena lilichelewa. Kosa lake lilikuwa kulipeleka Kariakoo. Jirani yake pale mtaani alikuwa Rogath, muuza mazulia, mtu wa kijiji kimoja naye, na hapakuwa na neno lisilofika kwenye meza ya Rogath. Kesho yake, duka limejaa wateja, sauti ya Rogath ikavuka mtaa, ikimpa cheo cha machifu wa kwao:

"Mangi! Nasikia unaolewa!"

"Acha ujinga, Rogath."

"Si wewe umeniambia? Nyumba ya mke, funguo za mke, wewe unaingia na begi. Huko watakuitaje, Bwana Madamu? Utapanga foleni na watoto, 'Shikamoo Madamu'!"

Wachukuzi wakaangua kicheko, mmoja akaegemea mkokoteni wake asije akaanguka. Isidori naye akacheka, maana asingecheka ingekuwa mbaya zaidi. Mchana Rogath alikuja na chupa mbili za soda, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akasema kwa sauti ya chini, "Nilikuwa natania, kaka. Shemeji amestahili. Mimi ningeenda." Lakini sikio la Isidori lilikuwa limeshajaa yale ya asubuhi.

Alhamisi jioni akampa mkewe jibu.

"Waambie tutazungumza Januari. Padri anakuja kubariki nyumba tarehe ishirini na nane Desemba, na milango ya ndani bado. Nikianza kuhama sasa, msimu wa duka utapita, na huko Rombo tutaingiza wageni vyumba havina milango. Serikali haikimbii."

Euphrasia alimtazama usoni. "Niwaambie hivyo? Maneno hayo hayo?"

"Hayo hayo."

"Haya."

Isidori alilala vizuri. Alihesabu kwamba ameshinda bila ugomvi.

Desemba wakapanda. Nyumba ilisimama katikati ya migomba, vyumba vitano, milango ya mninga inanukia bado. Padri akanyunyiza maji ya baraka chumba kwa chumba, ndafu, mbuzi aliyechomwa mzima, akakatwa, pombe ya mbege ikazunguka, na wazee wakampiga Isidori mabegani wakimwambia kwamba baba yake huko aliko ametulia. Alikuwa amesubiri siku hiyo tangu ujana. Kisha mshereheshaji akamwita mama mwenye nyumba aseme neno.

Euphrasia akasimama na gauni lake jipya.

"Namshukuru Mungu, na namshukuru Baba Vicky. Nyumba ni nzuri. Mimi ni mwalimu wa hisabati, mnisamehe, nimepiga hesabu. Kwa mwaka tunalala huku siku kumi na moja. Vyumba ni vitano. Kila chumba kinapata siku mbili, na inabaki moja."

Watu wakacheka kweli kweli. Isidori alicheka kuliko wote, akageuka amtazame, akaona kwamba mkewe hacheki.

Alimfuata nyuma ya nyumba, alikokuwa akisuuza vikombe ingawa vijana wa kusuuza walikuwapo.

"Kibamba wamesemaje?"

"Walishaweka mtu. Mwalimu Nice. Nilimfundisha kidato cha pili, Manzese. Ni mtoto mzuri."

"Lini?"

"Novemba."

"Novemba! Mbona hukuniambia, Mama Vicky?"

"Ulikuwa unatafuta milango."

Akapanga vikombe kwenye sinia, kimoja baada ya kingine, akarudi kwa wageni. Isidori alibaki pale mpaka wazee walipoanza kumwita.

Januari, Jumanne moja, alifanya jambo ambalo Rogath hakuwahi kuliona: alifunga duka siku ya kazi. Akaenda Kibamba peke yake, akazungushwa na dalali mpaka adhuhuri, akapata nyumba yenye ua mdogo na mti wa mpapai, umbali wa kutembea hadi shuleni. Jioni akamsubiri mkewe barazani.

"Tunahama mwezi wa pili," alisema kabla mkewe hajaketi. "Nimeshaiona nyumba. Mimi ndiye nitakayesafiri. Waseme watakalosema."

Euphrasia akakaa kwenye kigoda, akajisugua vifundo vya miguu.

"Imebaki miaka mitatu na kidogo nistaafu," alisema. "Sasa hivi nashuka getini, naingia darasani, nafundisha, natoka. Nikihamia pale, jioni nitakuwa napita mbele ya nyumba ya mkuu nikienda kununua nyanya. Nitaona taa zake. Hapana, Baba Vicky. Nimeshazoea barabara."

"Na kama ningesema hivi mwezi wa kumi?"

"Mwezi wa kumi ningefunga mizigo hujamaliza sentensi."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkata Isidori. Hasira angeijibu. Alikuwa na maneno ya kila namna kwa ajili ya hasira.

"Basi nifanye nini?" aliuliza.

Mkewe akatoa kwenye mkoba karatasi za mtihani na daftari la alama.

"Macho yamechoka. Nisomee majina na alama, niandike."

Isidori akavaa miwani, akasogeza taa, akaanza. Alisoma taratibu, kwa sauti, kama anayesoma somo kanisani. Karatasi zilikuwa sitini na tatu, za darasa moja tu. Mwingine alipata tisini na moja, Euphrasia akatabasamu peke yake, mwingine kumi na mbili, akaguna. Isidori alimtazama juu ya miwani kila mara, akitaka kuuliza huyu ni nani, wa nani, anakaa wapi. Miaka kumi na mitatu, na hakumjua hata mmoja.

"Endelea," Euphrasia alisema, kalamu ikingoja. "Usiku unaingia, na mimi kesho nawahi."