Mama Aliyekataa Leseni Mpya

"Ikiandikwa 6:00 asubuhi, programu isome nini?" binamu yangu aliuliza kutoka chumba cha pili.

"Saa kumi na mbili. Ukishapunguza sita ukabaki na sifuri, usiiache iseme saa sifuri."

"Haya. Endelea, dada."

Mlango kati yetu tulikuwa tumeufunga makusudi. Mimi nilikuwa na msimbo wa mwenzetu marehemu Kobe, maandishi yanayoiongoza programu yetu kusoma namba, kwenye kompyuta yangu. Binamu hakuruhusiwa kuuona hata mstari mmoja. Kazi yangu ilikuwa kumweleza unafanya nini, yake kuandika mwingine unaofanya vivyo hivyo. Ndivyo mwanasheria wa kampuni moja ya simu alivyotuelekeza. Aliyekwisha kuuona hawezi kudai kwamba hakuiga.

Programu yetu huwasomea wasioona yaliyoandikwa kwenye simu. Tuliijenga watu wengi, kila mmoja kwa muda wake wa ziada, chini ya leseni inayompa mtumiaji haki ya kuifungua, kuirekebisha na kumpa mwenzake, mradi naye asimnyime mwenzake haki hiyo hiyo. Kampuni ilitaka kuiweka ndani ya simu zake, ila ikiwa imefungwa. Kwa hiyo kila aliyeandika sehemu alipaswa kukubali leseni ibadilishwe. Tulikubali sote. Kobe, tuliyemwita hivyo kwa kuwa ukimuuliza leo anakujibu kesho, alikuwa ameshafariki, na haki juu ya kazi yake ilibaki kwa mama yake. Mama akakataa.

Sikumlaumu. Wala kampuni sikuilaumu. Ilituahidi ajira, na wengi wetu tulikuwa tumechoka kuandika programu baada ya kazi nyingine. Niliona tu kwamba pana njia ya kuzunguka, kuiandika upya sehemu ya Kobe, na tulikuwa tumeshaishika.

"Dada, umelala?"

"Nasoma."

"Soma kwa sauti basi. Nimekaa humu kama kuku anayeatamia mayai ya jirani."

Kabla sijamjibu, mlango wa nje ukagongwa. Alikuwa mama yake Kobe, asiyeona, fimbo mkononi, ameongozwa na jirani yake. Jirani alimketisha, akaaga kwamba anapita dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kugombana, ingawa nimesikia mnanizunguka. Nimekuletea mgonjwa." Akanipa simu.

Ulikuwa ujumbe wa kituo cha afya, umeandikwa "Dawa ya presha, 1x2". Nikaiamuru simu isome. "Dawa ya presha, moja eksi mbili," ikasema.

"Huyo eksi ni nani?" akauliza mama. "Nilimeza kimoja, nikawa namngoja yeye aniambie habari ya cha pili. Kizunguzungu kikaniangusha jikoni."

"Ni kidonge kimoja, mara mbili kwa siku."

"Mimi nimeshaambiwa. Aliyepokea ujumbe kama huu leo, akawa peke yake nyumbani, je?" "Mwanangu angekuwepo, ningemwambia, naye angerekebisha. Polepole, lakini angerekebisha. Mkishabadilisha leseni, nani atafanya?"

"Kampuni, mama. Utawaandikia."

"Wasipojibu?"

"Toleo la zamani litabaki wazi. Hilo hakuna wa kukunyang'anya. Mtu yeyote anaweza kulirekebisha."

"Mtu yeyote nani? Mtaje."

Wote walioijua programu ile walikuwa wanahamia upande wa pili, nami nikiwemo. Haki yake ilikuwepo, nzima, imeandikwa vizuri. Mikono ndiyo iliyokuwa inaondoka.

"Uzeni, mle, sina neno," akasema. "Ila msiifunge."

Katika chumba cha pili hakuna kitufe kilichokuwa kikibonyezwa. Kisha mlango ukafunguka, binamu akatokea. Alimwamkia mama, akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Sogea nione."

"Ukishaona, ule mwingine huwezi tena kuuandika."

"Najua."

"Na mwanasheria?"

"Dada, huyo eksi nimemsikia kupitia ukuta. Sogea."

Nikasogea. Akausoma msimbo wa Kobe toka juu hadi chini, midomo ikimcheza, bila utani wowote. Mimi nikampigia mtu wa kampuni. Nikamwambia kazi tuliyoahidi hatutaimaliza. Wakiitaka programu ikiwa wazi kama ilivyo, ruhusa wanayo tayari. Akasema atazungumza na wakubwa wake. Alisema taratibu, kama mtu anayeaga.

Tukaanza na mgonjwa wa mama. Binamu aliiambia programu kwamba alama ile ikikaa kati ya namba mbili isomwe "mara". Ikatoka "moja mara mbili".

"Hiyo ni hesabu ya shule," mama akasema. "Jibu lake mbili. Nimeze viwili kwa mpigo?"

Tukabadilisha: "kidonge kimoja, mara mbili kwa siku." Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha, kwa kujaribu, nikaipa tangazo la muuza mbao, mbao za 2x4. Ikasoma bila haya: "Mbao, vidonge viwili, mara nne kwa siku."

Mama alicheka hadi akashika ubavu, halafu akajifuta macho.

Ilibidi programu ijifunze kutazama maneno yanayoizunguka namba kabla ya kuamua, na hilo si jambo la jioni moja. Jirani aliporudi kutoka dukani, mama alisimama, akaniruhusu ninakili ule ujumbe.

"Ya jioni usiisahau, mama," nikamwambia. "Kimoja tu."

"Kimoja. Na huyu mgonjwa wangu atapona lini?"

"Kesho tunaanzia kwenye mbao," binamu akasema, bila kuinua macho.