Tajiri wa Anga

Baba yangu alifanya kazi forodha ya Port Said mpaka akastaafu, na mtu wa forodha humdanganyi kuhusu kodi. Kwa hiyo Shihab alipokuja kuniposa, akaulizwa anafanya kazi gani, akajibu kwamba anauza madini angani, niliangalia zulia nikaomba ardhi inimeze.

"Angani wapi, bwana injinia?" Baba akauliza. Shihab amesomea biashara, si uinjinia, lakini Baba akitaka kumtania mtu humpandisha cheo.

"Kwenye mchezo wa kompyuta, ami. Nanunua madini sayari za mbali, nayapeleka kituo kikuu, nauza. Sarafu ninazopata, kuna kijana wa Jedda ananilipa riyali."

"Riyali za kweli?"

"Za kweli, ami."

Mama akaleta sharubati. Tukasoma Fatiha, nikavishwa pete ya fedha ya kushikia nafasi, na sharti likawekwa: shabka, dhahabu ya uchumba, iwe mezani Idi Kubwa. Isipofika, kila mtu na njia yake. Binamu yangu wa Kuwait alikuwa ameshaniulizia mara mbili.

Mimi nilimtaka Shihab. Alikuwa mwanamume pekee niliyemjua ambaye bado alikuwa na mpango.

Mpango wenyewe ulikuwa huu. Kituoni kila anayeuza hukatwa kodi kulingana na cheo chake. Hamali hukatwa kumi na tano kwa mia. Dalali, tisa. Tajiri wa Anga, mbili tu. Na cheo hupati mpaka ukibebee kituo mizigo yake bure, miezi na miezi. Shihab alikuwa Hamali, ghala lake limejaa mawe ya buluu, na bei ilikuwa juu.

"Uza," nikamwambia. "Hata wakikukata, shabka inatoka na chenji inabaki."

"Niwape wezi jasho langu? Subiri, Nermin. Nikiwa Tajiri, shabka na friji juu yake. Subira huvuta heri."

Akanifungulia na mimi chombo kidogo, Hamali mwenzake, nikawa nabeba mizigo kwenye simu huku nikiuza dawa za kikohozi dukani, na hesabu ya mizigo ikaingia kwenye cheo chake. Ujira wangu ulikuwa mawe machache ya buluu. Mwezi wa Ramadhani Shihab akawa Dalali. Nikamwambia tena auze, akanijibu kama alivyonijibu mwanzo. Dhahabu ilizidi kupanda madukani, yenyewe haikungoja cheo cha mtu.

"Bwana admeri," Baba alimuuliza kila Ijumaa, "meli imetia nanga?"

Wiki ya Idi Shihab akakipata cheo cha Tajiri. Alinipigia simu akipiga kelele kama aliyepata mtoto, nikapitia basbusa, keki ya sherehe, njiani. Nilipofika kwao nilimkuta ameduwaa mbele ya kompyuta. Kumbe maelfu walikuwa wamepandishwa siku ile ile, wote wameficha mawe ya buluu, wote wakingoja cheo kile kile. Wakauza kwa pamoja. Kwa kodi ndogo vile kila mmoja aliweza kumpunguzia jirani yake bei, na akapunguza. Jioni bei haikufika hata theluthi ya ile ya zamani.

"Kodi yangu mbili tu," akasema. "Ona. Mbili tu."

"Mbili ya nini, Shihab?"

Basbusa akaila mama yake.

Siku ya Idi alikuja na kijisanduku cha herini tu. Baba akakifungua, akakifunga taratibu.

"Vyeo hivyo anatoa nani?"

"Kampuni ya mchezo, ami."

"Na kodi anachukua nani?"

"Hao hao."

Nilingoja amwite waziri, amwite sultani. "Shihab," akasema Baba, "kula, mwanangu." Akamtilia nyama. Kusikia jina lake tupu kukaniuma kuliko dhihaka zote.

Alipoondoka, Baba akanigeukia. "Ukitaka nimwongezee muda, sema. Ni wewe utakayekaa naye."

Nikafungua mchezo niuze mawe yangu, pesa ziende kwenye shabka. Yakanunuliwa papo hapo, kumi na tano kwa mia ikakatwa. Nikatazama jina la mnunuzi. Alikuwa Shihab. Hata saa haikuwa imepita tangu atoke kwetu, naye alikuwa anazoa kila jiwe la buluu sokoni kwa sarafu zote zilizombakia.

Nikampigia.

"Hujaona tangazo?" Furaha ilikuwa imemrudia. "Wameongeza cheo juu ya Tajiri! Sultani. Sultani halipi kodi kabisa, Nermin. Bei iko chini, nalijaza ghala. Ni kungoja tu."

Nikamtakia heri ya Idi, nikakata simu. Nikaenda jikoni kuivua pete. Iligoma kidoleni, Mama akanitilia sabuni ya vyombo.