Mfalme Aliyenyang'anywa na Mbingu

Mwalimu Glory alikuwa ameshika chaki wakati Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ismaili, aliposukuma mlango wa Kidato cha Nne. Wanafunzi wakasimama. Hakuwaambia wakae.

“Shikamoo, Mzee,” Glory akasema.

Hakuitikia. Alinyanyua daftari la bintiye, Sharifa, alilokuja nalo mkononi, akasoma kwa sauti: “‘Wachina wa kale waliamini Mbingu ndiyo humpa mfalme utawala. Akiharibu, humnyang'anya. Mafuriko na njaa ndiyo dalili.’ Wewe ndiye umewafundisha haya?”

“Ndiyo, Mzee.”

“Wiki mbili baada ya kalavati kusombwa na maji! Unadhani sijui unamsema nani?”

Glory alikuwa mgeni hapa Mpapura, ametokea Bukoba, hana ndugu wala jamaa. Kalavati lile la barabara ya kijiji, Mwenyekiti ndiye aliyesimamia ujenzi wake. Lilipokatika, watu walidai mkutano, naye akauahirisha mara tatu. Neno lake moja mjini lingetosha kumhamisha mwalimu.

“Futa,” Mwenyekiti akaamuru, kidole ubaoni.

Glory alisimama mbele ya ubao. “Sijamaliza somo, Mzee. Wajapani imani yao ilikuwa nyingine. Kwao mfalme ni wa uzao wa mungu wa kike wa jua. Yaje mafuriko, ije njaa, haondolewi, maana damu haibadiliki.”

“Hao ndio wenye akili.”

Hapo Sharifa akainua mkono. “Lakini Mwalimu, jana tulipoanza habari za Japani, ulisema kwa miaka mingi wakuu wa jeshi ndio waliotawala kwa jina la mfalme.”

Mwenyekiti akamgeukia mwanawe taratibu.

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo hakuondolewa, baba. Ila alikuwa haulizwi kitu.”

Mwenyekiti akaliweka daftari juu ya dawati la Sharifa, akatoka bila kuaga. Glory hakuufuta ubao.

Ijumaa, baada ya swala, mkutano uliitishwa. Watu walimbana Mwenyekiti mpaka alasiri. Akakiri kwamba saruji ilipunguzwa naye akanyamaza, akaomba radhi. Kiti kilimbakia, kwa tofauti ya kura chache.

Barua ya uhamisho haikuja. Lakini tangu siku ile, akikutana na Glory njiani, Mzee Ismaili hugeuza uso kutazama mikorosho, akapita.