Mbio za Nne za Eulalia

Mgeni alifika tukiwa tunapukuchua mahindi. Alisimama mbali na nyumba, kama adabu inavyotaka, kisha akaita, "Eulalia. Eulalia, toka nje, nimekuletea habari."

Shangazi Chepa aliangusha gunzi. Kwa miezi minane hakuna aliyelitamka jina hilo nyumbani kwetu, maana dada yangu alikuwa amekufa na bado hajaondoka. Huku makorongoni mwanamume aliyekufa hufanyiwa sherehe tatu za kumsindikiza, mwanamke nne, kwa kuwa mwanamke ana roho nyingi zaidi. Katika kila sherehe watu hula, hunywa pombe ya mahindi na hukimbia, ili marehemu naye apate mwendo wa kupandia juu. Dada alikuwa amepata tatu. Anayemwita marehemu kabla ya sherehe ya mwisho anamrudisha, na akirudi hakubali kuondoka peke yake.

"Nani alikufundisha kupayuka milangoni pa watu?" Shangazi aliuliza.

"Nisamehe, mama. Naitwa Erasmo, natoka korongo la pili. Dada huyo alituahidi mbio mwaka jana. Wanawake wetu wako tayari. Yuko wapi?"

Sote tuliinamia magunzi yetu. Alitutazama mmoja mmoja, na nikaona uso wake unapauka taratibu, kama jivu linapopoa.

Babu alitoka ndani. Hakumgombeza. "Kaa, mjukuu wangu," alisema. "Umeshamwita. Sasa tungoje tuone atamchukua nani."

Sherehe ya nne ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili. Erasmo aliomba akae mpaka iishe, kwa sababu kosa lilikuwa lake. Alipasua kuni, akabeba maji kutoka chemchemi, akalala zizini pamoja na mbuzi. Wanawake wa kwao wangekuja kukimbia nasi siku hiyo. Kwa upande wetu, mkimbiaji nilikuwa mimi, ila tangu Dada afe nilikuwa sijakimbia hata hatua kumi. Tulikuwa tukikimbia wawili. Peke yangu miguu ilikataa.

"Rufina, nasikia wewe ndiye tegemeo," Erasmo aliniambia asubuhi moja njiani. "Mbona unatembea kama umebeba mtungi?"

"Nimesikia wanawake wa kwenu wanakimbia kama bata mzinga. Nina haraka gani?"

"Hujawahi kumfukuza bata mzinga wewe. Hebu jaribu." Akatimua mbio.

Nilimfuata kabla sijafikiri. Tulipofika juu ya kilima nilikuwa nacheka, halafu nikaona aibu kwamba nimecheka.

Baada ya hapo tulikimbia kila asubuhi. Kwetu msichana akimtaka kijana humrushia vijiwe. Siku ya tano nilimrushia kimoja kikampata begani. Hakugeuka. Nikarusha cha pili.

"Cha kwanza nilidhani ni bahati mbaya," alisema, bado amenipa mgongo. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Ningependa kusema tulifurahi tu. Lakini siku ya sita mbuzi wawili walikutwa wamekufa, hawana jeraha. Shangazi akamwaga majivu mlangoni, na kulipokucha tukakuta alama za makubazi, membamba, vidole vimeelekea ndani ya nyumba. Sote tuliujua mguu huo. Shangazi aliyafagia majivu. Erasmo naye alikuwa anakonda.

"Namwota," aliniambia siku ya tisa. "Amekaa jikoni kwenu. Ananikaribisha chakula."

Chakula cha marehemu hakiliwi hata ndotoni. "Umekula?"

"Usiku wa kwanza sikula."

"Na wa pili?"

Alijifuta midomo kwa mgongo wa mkono.

Babu alimfukizia moshi wa mreteni, akampuliza utosini, kisha akaniita kando. "Mizunguko ni saba," alisema. "Ukiikimbia yote bila kusimama, dada yako ataondoka peke yake. Ukisimama, atabaki, na unajua atamchukua nani."

Jioni hiyo nilimweleza Erasmo. Alikwaruza ardhi kwa kijiti.

"Basi niahidi kitu kidogo," alisema. "Siku hiyo nitakimbia kando yako na kibuyu chako cha maji. Ukinisikia nakuita, usisimame."

"Hata ukivunjika mguu?"

"Hata nikilia. Huenda anayeita si mimi."

"Na kama ni wewe?"

"Wewe msikilize huyu anayekuomba sasa, akiwa na akili zake. Yule wa siku ile achana naye."

Nikaahidi. Nilidhani miguu ndiyo itakayoumia.

Siku ya mbio waliweka mawe saba kwenye mstari, moja kuondolewa kila mzunguko. Njia ilishuka kwenye chemchemi, ikapita ukingoni mwa genge refu la mawe, ikarudi kupitia misonobari. Kila upande ulikuwa na pete yake ya nyuzi. Unaiokota kwa fimbo yenye ncha iliyopinda, unairusha mbele, unaifuata.

"Rufina, mwachie kaka yetu pumzi kidogo," wanawake wa korongo la pili walinitania. "Tulimtuma na ujumbe, kajileta mzimamzima."

Mzunguko wa tano wingu lilishuka. Nilianza kusikia pete nyingine ikidondoka mbele ya yangu, na hatua nyepesi ambazo hazikuwa zangu. Wa sita nilitupa jicho kando. Erasmo hakuwepo.

"Rufina, simama," sauti ilisema kutoka upande wa genge. "Nimeanguka. Rufina, tafadhali."

Ilikuwa sauti yake, na mkwaruzo wake ule wa asubuhi. Nikarusha pete. Nikapita.

Nilipofika mstarini lilikuwa limebaki jiwe moja. Watu walikuwa wakikimbia kuelekea gengeni na kamba, na hakuna aliyenitazama usoni.

Nilipofika tena ukingoni walikuwa wamempandisha. Alikuwa yeye. Alilala kando ya njia, Babu amemshika kifua kwa mikono miwili, damu ikitoka sikioni.

"Anakutaja wewe tu," Shangazi alisema. "Njoo umshike mkono, mwanangu. Kidogo tu."

Pete yangu ilikuwa imeangukia hatua moja kutoka miguuni pake. Erasmo alinitazama. Aliinua vidole, na sikujua kama ananiita au ananifukuza. Niliiokota pete kwa fimbo, nikairusha mbele kwa nguvu zote, nikaifuata.

"Una moyo wa jiwe," Shangazi alisema nyuma yangu.

Nilikimbia nikilia kwa sauti, kama mtoto, kupitia misonobari yote. Hatua zile nyepesi zilikuwa zikinitangulia. Karibu na kilele cha kilima zilipanda juu, nikaacha kuzisikia. Mstarini kulikuwa na bibi mmoja tu wa korongo la pili aliyebaki kuhesabu. Nilipovuka aliinama, akaliondoa jiwe la mwisho.

Ndipo nikasimama.