Jani la Masale Mbele ya Gari

Mama Tabea alikataa katakata jani la masale lisafiri ndani ya gari.

"Lifunge mbele," alimwagiza mwanawe Elinipa asubuhi ile, nyumbani kwao Kikwe. "Nataka kaka yangu alione kabla hajaniona mimi."

Elinipa alilifunga kwenye wavu wa mbele kwa ugwe wa mgomba, fundo moja tu, maana jua lilikuwa linapanda. Jani hilo lilitumwa na Mjomba Melkizedeki kutoka Olmotonyi, kuomba radhi kwa ugomvi wa mpaka wa shamba uliowatenga miaka tisa. Leo dada mtu alikuwa akimrudishia kwa mkono wake, kuonyesha kwamba amesamehe, na Mjomba aliwangoja kwa chakula cha mchana.

Kikwazo kilikuwa pumu. Vumbi la kiangazi halikumruhusu Mama Tabea kufungua kioo, na joto la gari lililofungwa lilimbana kifua vilevile. Safari nzima ilitegemea kiyoyozi.

Barabarani kilipuliza baridi tamu. Walipoingia kwenye foleni karibu na Kwa Mrombo, hewa ikawa vuguvugu, kisha moto. Mama alianza kuhema. Elinipa alishusha kioo kidogo. Vumbi likaingia, kikohozi kikafuata, akapandisha kioo upesi.

"Mama, turudi. Nitampigia Mjomba simu."

"Umwambie nimefika nusu ya njia nikageuka? Ataelewa nimekataa. Tafuta fundi."

Kwenye gereji ndogo kando ya barabara, fundi Lesian alimwamkia mama shikamoo, akamketisha ndani ya kibanda chake penye kivuli na kumpa maji, ndipo akamgeukia Elinipa.

"Nadhani gesi imeisha," alisema Elinipa.

"Kila anayefika hapa ameshampima mgonjwa! Niachieni na mimi kazi kidogo." Lesian alicheka. "Ukikimbia, hewa inapoa?"

"Inapoa vizuri."

"Ukisimama?"

"Joto tupu."

"Basi gesi ipo. Gesi haichagui foleni. Gari likikimbia, upepo wa njiani unaipooza. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni."

Aliwasha injini na kiyoyozi, akainama mbele ya gari. Feni ndogo iliyokaa nyuma ya wavu haikuzunguka. Akazima injini, akamulika kwa tochi.

"Umeficha nini humu?"

Kwa koleo akavuta utepe wa kijani, mrefu, uliojiviringisha kwenye mapanga ya feni. Elinipa aliona haya. Fundo lake moja lilikuwa limelegea, na upepo ukalisukuma jani ndani.

Lesian aliinua mkono alitupe, akasita. Alikuwa Mwarusha, lakini alikuwa amekaa na Wameru kama hawa maisha yake yote, na alijua kwamba masale hubeba msamaha. Alilifuta grisi kwa kitambaa safi, akampelekea Mama Tabea kwa mikono miwili, bila kuuliza neno. Kisha akabadilisha fyuzi iliyokatika feni ilipokwama. Feni ikavuma. Baridi ikarudi, gari likiwa limesimama.

"Limechanika, mama," Elinipa alisema kwa unyonge. "Nisamehe."

Mama alilitazama jani, akalitazama tena. "Kaka yangu mwenyewe hana meno ya mbele. Watafanana. Twende."

Kabla ya kupanda alishika mkono wa Lesian, mweusi kwa oili. "Mungu akupe watu watakaokutendea hivi," alimwambia.

Mjomba Melkizedeki alikuwa amesimama langoni. Gari lilipokaribia, macho yake yalitafuta jani mbele ya gari, yasione kitu, na mabega yakamshuka. Ndipo kioo kikafunguka, ukatoka mkono mkongwe ulioshika jani lililochanika.

Alilipokea kwa mikono miwili.

"Umechelewa, dada."

"Miaka tisa na saa moja," Mama Tabea alijibu.

Mezani, baada ya kusimuliwa yaliyowachelewesha, Mjomba aliomba sala ndefu ya shukrani: kwa dada, kwa safari, kwa ndizi na nyama. Alipokuwa anakaribia amina, Mama Tabea akamgusa kiwiko.

"Bado," alinong'ona. "Hujamtaja fundi."