Mapigo ya Winifrida

Mkanda wa kifuani wa kupimia mapigo hausomi moyo ukiwa mkavu. Wapanda baiskeli wenzake Jaifar huurowesha kwa maji ya chupa, wengine kwa mate, lakini yeye, tangu Winifrida aje kufanya kazi pale nyumbani kwao, mtaa wa Hail, hajaurowesha mwenyewe hata siku moja. Kila alfajiri Winifrida huutia maji kwenye bomba la jikoni, akaukung'uta, akampa mlangoni. Jaifar huuvaa, akatoka na rafiki yake Muatasim kuelekea milima ya Qantab.

Kwenye usukani alikuwa na kioo kidogo cha kumwonesha mambo mawili: nguvu za miguu, zilizopimwa kwenye pedali, na mapigo ya moyo, yaliyotoka kwenye mkanda. Mwalimu yeyote atakwambia viwili hivyo hupanda pamoja. Vya Jaifar viliacha kupatana. Akipanda mlima ulimi nje, moyo unasoma kama wa mtu aliyelala. Akikaa kunywa chai ya karaki, ya maziwa na iliki, moyo unakwenda mbio. Alibadilisha betri, kisha akanunua mkanda mpya. Yale yale.

Mama yake, Bi Rahila, ndiye aliyemaliza maneno.

"Wakati ule wewe unakunywa chai, Winifrida huwa anapandisha mtungi wa gesi juu," alisema, huku akimenya kitunguu thomu. "Si yeye anaeurowesha? Basi moyo wake huo. Mie nnaona jambo liko wazi."

Jaifar naye akaona ni kweli. Angeweza kuurowesha mwenyewe siku ya pili, mambo yakaisha. Lakini alikwishazoea kupewa, na alfajiri mtu ana uvivu wake. Mashindano yalikuwa karibu, na alitaka namba zake zitulie, kwa hiyo akaamua Winifrida asibebe kitu mpaka yeye arudi. Winifrida akawekewa kiti jikoni. Asubuhi akikaa mikono mapajani, na kazi zote akizifanya mchana, juani.

Moyo haukutulia.

"Unafikiri nini wewe asubuhi?" Jaifar alimuuliza.

"Namfikiria mama, baba. Yuko kwetu Mbinga, hali yake mbaya. Naomba ruhusa nikamwone angali hai."

"Inshallah, baada ya mashindano."

Hakuwa mtu mbaya, wallahi. Alilisema hilo kwa upole, na kesho yake akamletea mto wa kukalia.

Asubuhi moja walikuwa wanateremka kwenda Qantab, miguu imetulia, nguvu sifuri. Moyo ukaruka. Ukapanda mpaka kioo kikaanza kulia, ukakaa huko huko juu mteremko mzima. Jaifar akafunga breki.

"Mama yake Winifrida amekufa," alisema.

Muatasim akakitazama kioo. "Maskini. Turudi?"

Jaifar akaiachia breki. "Tumalize kwanza. Tumebakisha mlima mmoja."

Wakaumaliza.

Nyumbani alimkuta palepale kitini, simu mapajani.

"Pole, Winifrida. Nimeona."

"Leo umeona, baba," alisema. "Na zile siku nyingine zote ulikuwa unaona nini?"

Jaifar alisikia uchungu kweli kweli, akaona haya hata kuuvua ule mkanda mbele yake. Bi Rahila alimkumbatia Winifrida, akalia kwa sauti kama kafiwa yeye. Mchana walikuja wageni, Winifrida akapika.

Tangu siku hiyo moyo haukupanda tena. Abebe gesi, asibebe, ulikwenda polepole, namba ile ile. Siku ya mashindano Jaifar aliupanda mlima kwa miguu ya moto na moyo uliopoa, na Muatasim akakipiga picha kile kioo awaoneshe watu.

"Mashallah, umeiva!"

Jaifar alishukuru. Hakusema moyo ni wa nani, wala hakuna aliyeuliza.

Jioni Winifrida alimsubiri mlangoni.

"Mashindano yamekwisha, baba?"

"Yamekwisha."

"Basi niende. Hata kaburi nikalione."

Jaifar aliinamisha kichwa. "Mwezi ujao dada yangu anaolewa, na mama peke yake hawezi. Baada ya harusi, inshallah."

Winifrida alinyoosha mkono, akaupokea mkanda, akautundika jikoni karibu na bomba. Alfajiri akaurowesha.