Arobaini ya Nani

Miezi ile ziwa linapofungwa ili samaki wazaane, Kashikishi nzima, mji wa wavuvi wa Zambia, hukaa bure. Lackson yeye alijipatia kazi: kumfanya mkewe shujaa. Walikaa kwenye kibanda chake cha samaki wakavu, kisicho na samaki hata mmoja, kila mtu na simu yake. Mchezo wenyewe ulikuwa wa mapanga na wanyama wakali, na ulikuwa na sheria moja isiyo na huruma: ukifa, umekufa. Jina linafutika, unaanza upya toka daraja la kwanza.

Basi Lackson alitangulia akaua kila kilichosogea, na mkewe, Mujinga, akabaki mgongoni pake akiokota pointi. Hivyo ndivyo alivyofika daraja la arobaini bila kukwaruzwa, na bila kujua kidole kibonyeze wapi.

"Ba Lackson, muniache na miye nipigane," alimwambia kwa Kiswahili cha kwao Kongo, ambacho mumewe alijifunzia sokoni.

"Utakufa bule, bibi yangu. Niko hapa."

Msidhani ni mapenzi. Lackson alipenda kuombwa. Mke asiyeweza kutoka nje ya lango la mchezo bila yeye, huyo ndiye alimfurahisha.

Mujinga alitaka jambo moja tu: kuingia kikosi cha Cadette, Mkongo mwenzake, muuza vitenge kule kwenye kambi ya wakimbizi. Cadette alikuwa amekufa mara nyingi hadi amesahau idadi, na wachezaji wote walimwogopa. Alipoiona ile arobaini, alimpokea siku hiyohiyo na kumweka mbele kabisa, mdomoni mwa pango la nyoka. Lackson alikuwa kando ya mkewe anatafuna karanga. Neno moja tu la kumwonya Cadette lingetosha, naye hakulisema.

Nyoka walipotoka, Mujinga alibonyeza huku, akabonyeza kule, kisha akakimbilia nyuma na kuwaburuzia wenzake kundi zima. Wakafa watatu, na yeye akafa wa nne. Sauti ya Cadette ikatoka kwenye simu, imepoa kabisa.

"Mujinga, buton ya kujikinga iko wapi?"

"Sijue."

"Arobaini ya nani hii? Ni ya bwana yako. Toka mu kikosi yangu."

Wenzake wakacheka. Lackson naye akacheka, kama mtu aliyerudishiwa mali yake.

Mujinga hakulia. Alianza upya, peke yake, kwenye matope ya nguruwe mwitu. Nguruwe alimpiga, naye akajifunza kuruka pembeni. Akampiga tena, naye akaijua ile buton. Uhai wake ulibaki kipande chekundu, vidole vikamteleza kwa jasho, na kwa mara ya kwanza alikuwa na furaha kweli. Nguruwe alikuwa anayumba. Lilibaki pigo moja.

Panga la dhahabu likashuka, nguruwe akaanguka.

"Ulikuwa unakufa," alisema Lackson.

"Nilikuwa namuua."

Kwenye kioo namba ilikuwa imepanda: daraja la pili. Mujinga aliitazama kwa chuki, akafungua mahali pa kufutia, akamfuta shujaa wake mbele ya macho ya mumewe. Kisha akageuza simu kifuani na kuandika jina jingine.

"Jina gani?" Lackson aliuliza.

Mujinga akashuka tena matopeni.

"Mujinga, jina gani? Nikusaidie."

Nguruwe akamuua yule shujaa mpya kwa mapigo mawili. Akaanza tena, na Lackson akabaki anazunguka matopeni na panga lake, hajui amtafute nani.